Ng'ombe kagoma kula na kaupinda mgongo: usimnyweshe kitu

Mkuu, weka chini hiyo chupa ya mafuta. Usimnyweshe, usimtembeze. Mpigie daktari wa mifugo kwanza, haya mengine utayasoma ukiwa unamsubiri.

Unasema juzi ng'ombe alikula vizuri, jana kagoma ghafla, maziwa yameshuka zaidi ya nusu kwa mkamuo mmoja, kinyesi kidogo na kigumu, tumbo halijavimba, anasimama kaupinda mgongo. Jirani kasema amefunga choo, nawe unauliza kipimo cha mafuta na chumvi, na umlishe nini maziwa yarudi. Damu imenichemka, maana maelezo hayohayo mimi nilimpa muuza dawa za mifugo mmoja, bwana wa koti jeupe na maneno mengi, kumbe ujuzi wake unaishia kwenye kusoma lebo. Hakuuliza swali hata moja. "Choo hicho. Mpe mafuta, weka na magadi, mtembeze atalegea." Ng'ombe hakumwona wala hakumgusa. Pesa aliigusa.

Basi nikamkaba mnyama, kichwa juu, chupa mdomoni. Akapaliwa, mafuta yakamtoka puani. Mafuta yakishaingia mapafuni yanaleta nimonia mbaya, kwa hiyo nikawa nimemwongezea ugonjwa wa pili bure. Halafu nikamtoa kumtembeza. Kwenye mteremko akagoma, viwiko kavitanua nje, kila hatua anaguna. Mimi nikaona ni ukaidi, nikatafuta fimbo. Haya, chekeni: nimewahi kuwa kocha wa mazoezi wa ng'ombe mwenye waya tumboni.

Ndiyo, waya. Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Anazoa kwa ulimi, anameza, kutafuna vizuri ni baadaye akicheua. Msumari au kipande cha waya kikishamezwa hutua kwenye tumbo la pili, lile lenye vijumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo hujikaza muda wote, na likijikaza ncha hutoboa ukuta. Mbele yake kuna kiwambo, ile ngozi ya misuli inayotenga tumbo na kifua, na mbele ya kiwambo ni moyo, sentimita chache tu. Sasa wewe mtembeze! Ng'ombe mwenye mimba kubwa au anayezaa ndiye balaa zaidi, maana tumbo la uzazi linasukuma kila kitu mbele.

Daktari alipofika, kidari kilishajaa maji na mishipa ya shingo imetuna. Akanipa kile kipimo chake nisikilize mwenyewe: badala ya mapigo ya moyo, unasikia maji yanachuruzika na kugonga. Ikishafika hapo hakuna tiba ya maana. Na yule bwana wa koti jeupe, nilipomrudia, akaniuliza kama nilitikisa chupa kabla ya kutumia.

Sikia, hicho kinyesi kidogo si ugonjwa. Mnyama hali, tumbo limesimama, choo kitoke wapi? Ndiyo maana nasema na nitaendelea kusema: ng'ombe asiyecheua hanyweshwi kitu mpaka ijulikane ana nini.

Wakati unamsubiri daktari, kaza ngumi uisukumize kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, utulie. Kwa mzima utahisi tumbo likijiviringisha na kuisukuma ngumi, mara moja au mbili kwa dakika. Kama dakika zinapita kimya, limesimama. Mpime joto kwenye njia ya haja kubwa: kawaida ni kati ya 38 na 39 na kidogo, na mwenye waya mara nyingi huzidi hapo siku za mwanzo. Kisha finya kwa nguvu ngozi ya juu mgongoni, nyuma tu ya mabega. Mzima hubonyea chini. Mwenye maumivu haya hukaza mgongo, na ukitega sikio karibu na koo utamsikia akiguna.

Najua kuna mtakaokuja kusema mafuta yanaokoa ng'ombe aliyevimbiwa na povu. Ni kweli, lakini huyo ubavu wa kushoto umetuna na kukaza kama ngoma, anahema kwa shida, na hiyo ni dharura ya dakika. Ng'ombe wa huyu mwenye swali hajavimba. Msimchanganye.

Ukiwahi kuna nafuu. Daktari humpa sumaku aimeze ili imnase waya humo tumboni, na antibiotiki, kisha anafungwa atulie mahali miguu ya mbele ikae juu kuliko ya nyuma. Isiposaidia, anapasuliwa ubavu wa kushoto waya utolewe kwa mkono. Sumaku hainasi shaba wala alumini, hilo nalo mlijue. Kwa hiyo mwambie daktari aje nayo, na kama majani uliyompa yalikatwa karibu na uzio wa zamani au yalikuja yamefungwa kwa waya, anza na hilo kabla hujamtajia habari ya choo.