Chukueni majina machache, mwandike mpaka wa mwisho arudi

Mleta uzi ameeleza kwamba yeye na wenzake wanane wanataka kuwasaidia askari waliopelekwa misheni nje ya nchi. Wameshachanga fedha, na sasa wanauliza watume nini. Nimesoma michango iliyotangulia, na orodha za vitu vya kutuma zimeshatosha. Dada, mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka 6, na kabla hujanunua chochote naomba nikuulize: mtawaandikia askari wangapi, na kwa muda gani?

Mdogo wangu wa kiume alipopangiwa misheni ya miezi 9, tulikutana watu 11 sebuleni kwangu, tukiwa na ari kubwa. Kupitia kwa afisa wa ustawi wa kikosi chake tulipewa majina 40 ya askari waliokubali kuandikiwa. Tukayachukua yote. Mwezi wa kwanza kila askari alipata boksi na barua mbili. Mwezi wa pili, barua moja moja. Ilipofika mwezi wa tano tulikuwa tumebaki wanne, na majina zaidi ya 20 hayakuwa na mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mmoja alihamishwa kazini, mwingine aliuguliwa na mama yake, wengine walichoka tu.

Mdogo wangu aliporudi alinisimulia habari ambayo hainitoki kichwani. Mwenzake aliyelala kitanda cha jirani aliendelea kwenda kwenye mgawo wa barua kwa wiki kadhaa, anasimama pale mpaka jina la mwisho linasomwa, anarudi mikono mitupu. Baadaye akaacha kwenda. Huyo kijana alikuwa kwenye orodha yetu. Asiyeandikiwa na mtu huwa ameshazoea, lakini aliyeandikiwa kisha akaachwa hukaa anajiuliza amekosa nini. Sisi ndio tuliomfundisha kusubiri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu basi uwe huu: mko tisa, chukueni majina sita. Kila askari awe na watu wawili wanaopokezana ili mmoja akizidiwa mwingine asukume, na msiongeze jina la saba mpaka mmalize miezi mitatu bila kuruka hata wiki moja. Miezi ya kwanza huwa na barua nyingi kwa sababu kila mtu anamkumbuka aliyeondoka juzi, na miezi ya mwisho ana hamu ya kurudi inayomshikilia. Katikati ndiko kugumu. Hapo familia zimezoea kutokuwepo kwake, marafiki wamerudi kwenye shughuli zao, na yeye bado anaamka saa ileile na kuvaa gwanda lilelile. Mkiwa na fedha za maboksi mawili tu, yawekeni ya mwezi wa nne na wa sita.

Wapo waliosema humu kwamba siku hizi kuna simu, barua ya karatasi ya nini. Simu ni nzuri, ila haikunjwi ikawekwa mfukoni, na si kila kambi ina mtandao wa kutegemewa. Katika Vita Kuu ya Pili, Februari 1945, kikosi cha posta cha 6888 cha jeshi la Marekani, cha wanawake karibu wote weusi, kilifika Birmingham, Uingereza, kikiongozwa na Meja Charity Adams. Walikuta maghala yamejaa mamilioni ya barua na vifurushi ambavyo havijawafikia askari, na panya wameshatoboa vyenye keki. Wanawake wapatao 850 wakafanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, kila zamu ikipitisha barua kama 65,000. Kazi waliyopangiwa miezi sita waliimaliza kwa mitatu. Msemo wao ulikuwa kwamba pasipo barua, ari hushuka. Mimi huwasimulia habari hii wanachama wapya kila mwaka, kwa sababu akina mama wale hawakuandika hata barua moja kati ya zile. Walihakikisha tu kwamba zinafika, na hiyo peke yake ilikuwa kazi ya vita.

Habari hiyohiyo inafundisha jambo la anwani. Akina Robert Smith peke yao walikuwa zaidi ya 7,500 kwenye kadi zao za kumbukumbu za askari, wakitofautishwa kwa namba ya jeshi. Andikeni jina kamili, cheo, namba na kikosi kama mlivyopewa, herufi kwa herufi, na nakala ya anwani muitie ndani ya boksi pia, maana karatasi ya juu huchanika.

Na msitume kwa "askari yeyote". Najua inavutia, hasa kwa watoto wa shule wanaochora kadi. Marekani ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo, ikausimamisha mwaka 2001 baada ya watu kutumiwa barua zenye vimelea vya kimeta, ugonjwa unaoua. Uingereza nako Wizara ya Ulinzi imewahi kuwaomba wananchi wasitume vifurushi kwa askari wasiowajua, kwa sababu vilikuwa vinaziba njia ya barua za familia. Hebu fikiri: boksi lako la upendo limekaa juu ya barua ya mke wa mtu. Pitieni kikosini, mwombe majina, na mkiambiwa hapana, heshimuni.

Kuhusu kufunga boksi nitasema machache. Sabuni na chochote chenye harufu kikae kwenye mfuko wake wa zipu, tena mifuko miwili. Boksi letu la kwanza lilifika na kila kilichomo kinanuka sabuni, na vya kula vyote vikatupwa. Soksi zijaze nafasi za pembeni. Betri zitoeni kwenye kifaa. Kinachoyeyuka kwa joto msiweke, wala dawa za kupuliza za mkebe, kwa sababu ndege nyingi hazizibebi. Ukishafunga, litikise boksi karibu na sikio. Likitoa sauti, fungua upange upya. Fomu ya forodha jazeni ukweli mtupu, kitu kwa kitu.

Barua yenyewe watu huiogopa bure. Wanadhani lazima iwe na maneno makubwa ya ushujaa na taifa. Barua iliyopendwa kuliko zote katika kundi letu iliandikwa na mzee mmoja fundi saa, naye aliandika kurasa mbili kuhusu saa ya ukutani aliyokuwa anaitengeneza: jino gani limelika, alivyolitafuta lingine, saa ikakubali siku mbili kisha ikagoma tena. Barua iliyofuata ikaendelea pale pale. Kijana aliyekuwa anaandikiwa akawa anawasomea wenzake bwenini, na bweni zima likataka kujua ile saa imefikia wapi. Ndicho wanachokihitaji, ushahidi kwamba huku nyumbani maisha ya kawaida bado yapo na yanawangoja. Msimuulize yuko wapi hasa, ameona nini, wala anarudi tarehe ngapi. Msimpakie siasa. Na picha za maboksi mkiweka mtandaoni, ficheni majina, namba na kikosi. Habari ndogondogo zikikusanywa na mtu mbaya zinakuwa habari kubwa.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo hakuna aliyeigusa kwenye uzi huu, nayo ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Mwezi wa sita wa misheni ya mdogo wangu, mawasiliano yalikatika. Askari anapouawa au kujeruhiwa vibaya, majeshi mengi hufunga simu na intaneti za kambini mpaka familia yake ifikishiwe taarifa na watu, si na uvumi. Waingereza walipokuwa Afghanistan utaratibu huo waliuita Operation Minimise. Ni utaratibu wa heshima, lakini kwa aliye nyumbani maana yake ni moja: kuna mtu amepatwa, na hujui kama ni wako.

Wifi yangu hakunipigia. Nilikwenda mwenyewe, baada ya mke wa askari mwingine kuniambia kwake nako kimya. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anang'arisha viatu vya shule vya mtoto. Vilikuwa vimeshang'aa. Alimaliza cha kushoto akakiweka chini, akachukua cha kulia, akakimaliza, akarudia cha kushoto. Simu ilikuwa mapajani, kioo juu. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, brashi ilisimama. Gari likipita, brashi ikaendelea. Sikumwambia asijali, maana ningekuwa namdanganya. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta viatu vyake yeye. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia. Mtoto nilimwogesha mimi, nikamlaza mimi.

Simu zilifunguliwa kesho yake asubuhi, na mdogo wangu akaandika maneno mawili: "Niko salama." Wifi alilia. Akatulia, kisha akalia upya, na safari hii haikuwa kwa ajili yake. Alijua kwamba simu zikifunguliwa, kuna nyumba nyingine imeshapigwa hodi.

Tangu siku ile nusu ya kazi yetu iko huku nyumbani. Tumepeleka wazazi wa askari kliniki, tumeziba paa linalovuja, tumekaa kwenye vikao vya wazazi shuleni kwa niaba ya baba aliye mbali, na mara mbili tumelala hospitali na mke anayejifungua. Tuna orodha ya nani anakwenda kwa nani siku ya kimya, na kila mmoja anaijua bila kuuliza. Askari wenyewe wameniambia, zaidi ya mara moja, kwamba kusikia mtu ameziba paa la mama kuliwapa usingizi kuliko boksi lolote tulilowahi kutuma. Hapa pia fuateni sheria ileile: ukiahidi Jumamosi, iwe Jumamosi.

Neno la tahadhari kidogo. Mkianza kujulikana, watajitokeza watu mtandaoni wenye picha za magwanda, wakiomba fedha za likizo, za nauli au za matibabu. Jeshi halimtozi askari fedha ili apewe likizo yake. Yeyote asiyepitia kwa afisa wenu wa kikosini, msimpe hata senti, hata akilia.

Na akisharudi, mwandikieni barua moja ya mwisho ya kumkaribisha, mwambieni wazi kwamba hadaiwi majibu, kisha mpeni nafasi. Wengine watawatafuta baada ya wiki, wengine baada ya mwaka. Yule kijana wa kitanda cha jirani nilimwandikia kumwomba radhi. Alijibu baada ya miezi minne, nusu ukurasa. Misheni yake iliyofuata aliniomba niwe mimi wa kumwandikia, na nimemwandikia kila Jumapili jioni mpaka alipotua.

Dada, ongea kwanza na afisa wa ustawi wa kikosi, upate hayo majina sita. Ukishayapata rudi hapa, nitakuwekea jedwali letu la zamu kama lilivyo, mlibadilishe mnavyotaka.