Kuachia Balada: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi Hii

Ukikabidhiwa balada, yaani wimbo wa polepole wa hisia, uisimamie, usiipangie ratiba ya wimbo wa kuchezeka. Wimbo wa klabu hushika mapema au husahaulika mapema. Balada huwafikia watu polepole, kupitia harusi, msiba, penzi lililovunjika, na mtu aliyejifungia chumbani usiku na simu yake. "Someone You Loved" ya Lewis Capaldi ilitoka Novemba 2018, ikashika namba moja Uingereza Machi 2019 na kukaa hapo wiki 7. Marekani ilifika namba moja Novemba 2019, mwaka mzima baada ya kutoka. Kwa hiyo gawa fedha za matangazo hivi: theluthi moja kabla ya siku ya kutoka, theluthi mbili baada yake. Wengi hufanya kinyume, na wimbo unapoanza kupata watu wake mfuko umeshakauka.

Anza na wimbo wenyewe, saa mkononi. Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30. Sasa piga hesabu: kwa mwendo wa mapigo 68 kwa dakika, baa moja yenye mapigo manne huchukua takriban sekunde 3.5, kwa hiyo utangulizi wa baa 8 ni sekunde 28 za piano tupu. Asiyemjua mwimbaji ameshaondoka. Punguza ziwe baa 4, sauti iingie sekunde ya 14. Mtunzi akiupenda utangulizi mrefu, utunze kwa ajili ya albamu. Na usikate katikati ya mlio wa piano unaoendelea kuvuma, kwani sikio hulinasa kovu hilo hata kama mtu hawezi kulieleza. Ni bora mpiga piano arudie baa hizo nne upya.

Kwenye masta, yaani faili ya mwisho ya wimbo iliyo tayari kutolewa, ndiko balada nyingi zinakoharibikia. Spotify kwa kawaida huweka nyimbo zote kwenye kiwango cha takriban -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Masta iliyokandamizwa hadi -8 itashushwa desibeli 6 na jukwaa lenyewe, kwa hiyo hujapata ukubwa wowote wa sauti, na umeshapoteza kitu ambacho balada hukitegemea: tofauti kati ya beti la kwanza lililonong'onwa na kiitikio cha mwisho kinachofunguka. Sikiliza sekunde mbili kabla ya mstari wa kwanza. Wimbo ukikandamizwa kupita kiasi, pumzi ya mwimbaji inakuwa kubwa kama neno, mguu kwenye pedali ya piano unasikika, na kila "s" inachoma. Ukisikia hayo, rudisha kazi studio hata kama tarehe imeshatangazwa. Kilele cha sauti kisizidi -1 dBTP (desibeli za kilele halisi cha wimbi la sauti), ili faili ikigeuzwa kuwa ya kusikilizwa mtandaoni isikwaruze.

Halafu sikiliza kwa spika ya simu. Mkono wa kushoto wa piano utapotea karibu wote, na kama ndio ulioshika mwendo wa wimbo, mwimbaji atabaki anaelea hewani. Mwombe anayefanya miksi aongeze oktavu ya juu ya noti zile zile, kwa sauti ndogo.

Siku hiyo hiyo ya kupokea masta, dai matoleo yote: kamili, la redio, ala tupu, sauti tupu, na la piano na sauti peke yake. Yote yawe WAV ya biti 24, faili ya sauti isiyopunguzwa ubora. Ala tupu itahitajika mwimbaji akialikwa kwenye televisheni, na miezi mitatu baadaye prodyuza atakuwa na kazi nyingine, faili za mradi hazifunguki. Kila toleo lina ISRC yake, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Rekodi ile ile hubaki na namba ile ile hata ukihamia kwa msambazaji mwingine, yaani kampuni inayopeleka wimbo kwenye majukwaa. Ukiipa namba mpya, hesabu ya usikilizaji huenda ikaanza upya kutoka sifuri.

Mgao wa utunzi uandikwe na kusainiwa kabla wimbo haujatoka. Majina kamili ya kisheria, namba ya IPI (utambulisho wa kimataifa wa mtunzi) ya kila mtunzi aliyesajiliwa, asilimia zinazofika 100 bila kuzidi. Utunzi ni haki moja, rekodi ni haki nyingine, kila moja na karatasi yake. Wimbo usio na watu hauna mgogoro. Ukipanda ndipo anapojitokeza aliyetoa mstari mmoja wa kipande cha kati, na malipo ya wote yanashikiliwa mpaka mpatane.

Tarehe hupangwa kwa kurudi nyuma. Tangu Julai 10, 2015, Ijumaa ndiyo siku ya kimataifa ya kutoa muziki mpya. Mkabidhi msambazaji faili wiki 4 kabla. Ombi kwa wahariri wa orodha za nyimbo za Spotify hupitia Spotify for Artists, akaunti ya msanii ya kusimamia ukurasa wake, kwa wimbo ambao haujatoka, mmoja kwa wakati mmoja. Likifika siku 7 au zaidi kabla, wimbo huingia pia kwenye Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humtengenezea kila msikilizaji, ya wafuasi wa msanii. Sisi tungelituma wiki 3 kabla. Usijaze nafasi ya maelezo kwenye ombi hilo kwa sifa kama "wimbo wenye hisia kali", maana kila balada inasemwa hivyo. Andika anayeimba ni nani, wimbo unazungumzia nini, ala zipi zinasikika, na mmepanga kufanya nini wiki za mbele.

Kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila anwani ya tovuti wala nembo za majukwaa, na jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye fomu ya msambazaji. Hakikisha pia wimbo umeelekezwa kwenye ukurasa sahihi wa msanii. Wenye majina yanayofanana huchanganywa mara kwa mara, na kusahihisha huchukua siku ambazo huna.

Kwa redio, andika mambo mawili ambayo wageni husahau: sauti inaingia sekunde ya ngapi, na wimbo unafifia au unakatika. Mtangazaji anayeongea juu ya utangulizi anayahitaji, na asipoyapata ataongea juu ya mstari wa kwanza. Omba vipindi vya usiku kwanza.

Sasa mapokezi. Wiki ya kwanza angalia namba bila kutoa hukumu. Jumla ya usikilizaji ni takwimu dhaifu kuliko zote. Angalia waliohifadhi wimbo kati ya waliousikia: wasikilizaji 2,000 na waliohifadhi 160 ni asilimia 8, na hiyo inakupa matumaini zaidi kuliko wasikilizaji 20,000 na waliohifadhi 100. Angalia mtu mmoja anarudia mara ngapi, na kama wanatoka kwenye orodha za wahariri au kwenye maktaba zao wenyewe. Walioletwa na orodha wataondoka wimbo ukitolewa humo. Waliouhifadhi watabaki. Anayekuuzia usikilizaji mkatalie: majukwaa hugundua, huondoa hesabu, na tangu 2024 Spotify humtoza faini msambazaji au lebo udanganyifu ukiwa wa wazi, naye ana kila sababu ya kuushusha wimbo wako.

Soma maoni ukitafuta mstari mmoja ambao watu wanauandika wenyewe. Mara nyingi si ule mliotegemea, na huwa uko beti la pili. Kata kipande kipya cha video kinachoanza sekunde mbili kabla ya mstari huo. Mwimbaji asieleze wimbo ulimhusu nani, kwa sababu msikilizaji ameshaweka jina lake humo, na ukimtajia jingine unamnyang'anya. Mhakiki akisema wimbo ni wa polepole mno, mwache. Akisema kiitikio hakiinuki, rudi kwenye masta usikilize tena kabla ya kukasirika.

Msukumo wa pili uje wiki ya 4 hadi ya 6: video ya kuimba moja kwa moja, kamera moja, piano na sauti, bila kurekebishwa. Februari 2011 Adele aliimba "Someone Like You" kwenye tuzo za BRIT akisindikizwa na piano tu, na wimbo ukapanda hadi namba moja Uingereza. Toleo lenu la aina hiyo lisimwagwe siku ya kwanza pamoja na kila kitu kingine.

Wiki ya 8 kaeni mezani. Kama asilimia ya wanaohifadhi bado iko pale ilipokuwa wiki ya 2, endeleeni kulipia, hata kama jumla ni ndogo. Kama imeshuka hadi chini ya nusu ya ile ya wiki ya 2, simamisheni matangazo, na fedha iliyobaki itengwe kwa wimbo unaofuata.