Bloku ya kinena: kwa mnaoanza zamu

Wadogo zangu wa ganzi, wiki hii nimefungua tena faili la mgonjwa wa upasuaji wa ngiri nikakuta "bloku imefanyika", yaani kadungwa ganzi kwenye neva (mishipa ya fahamu) za kinena, basi. Dawa gani, mililita ngapi, saa ngapi? Sista wa usiku apige ramli?

1. Hesabu kwanza, sindano baadaye. Bupivakaini, dawa yetu ya ganzi, ni miligramu 2 kwa kilo: mgonjwa wa kilo 60 mwisho wake miligramu 120, yaani mililita 24 za asilimia 0.5, pamoja na ile aliyodunga daktari wa upasuaji kwenye kidonda.

2. Msizame na sindano. Neva mnazozitaka zimelala kati ya misuli miwili ya ndani ya ukuta wa tumbo, si chini yake. Mimi nilizama. Mzee mmoja, ngiri ya kulia, alifanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo, ile inayofisha miguu yote miwili. Mwishoni nikampiga bloku kwa kubahatisha kina, ultrasaundi hatuna. Jioni nakuta anakunywa uji, hana hata chembe ya maumivu. Nikajisifu mbele ya wanafunzi, kisha nikamwambia, "Mzee, ukitaka chooni nenda tu." Akaenda. Hatua ya pili goti la kulia likakunjika, akaanguka kati ya vitanda, uji na kikombe juu yake. "Mwanangu, huu mguu si wangu," akasema. Nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba ganzi ya mgongo haijaisha. Sista akaniuliza polepole: "Mbona wa kushoto umesharudi, daktari?"

Nikanyamaza. Paja halihisi mbele, goti halinyooki: dawa ilikuwa imeteremkia neva ya paja. Mguu ulirudi usiku uleule na mshono ulikuwa mzima, lakini niliomba radhi mbele ya wanawe, wote wakubwa kwangu. Kwa hiyo kabla hajasimama, anyooshe goti huku mnalikandamiza kwa mkono. Hilo tu!

3. Akisema korodani inauma ilhali ngozi imekufa ganzi, msibishane naye. Ile ni neva nyingine.

4. Dawa za maumivu, parasetamoli na diklofenaki, zianze kabla bloku haijaisha, kwa saa zilizopangwa, si "akilalamika". Huwa inaisha usiku, nyinyi mmelala. Mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo, diklofenaki hapana. Jana nimeikuta imeandikwa wodi nzima kwa mwandiko mmoja, hadi kwa aliyekuja kubadilishiwa bendeji.