Watoto hawabanduki kwenye runinga: tulivyofanya sisi

Dada, umeuliza utawatoaje watoto wa miaka 7 na 10 nje wakati mnaishi ghorofani Dar na uani ni magari matupu. Pole, hata kwangu ilikuwa hivyo hivyo.

Kuwafokea hakukusaidia. Kilichosaidia ni mimi mwenyewe kushuka nao. Saa kumi na moja jioni, jua likishapoa, tulianza na kombolela: kopo moja tupu, anayelinda anahesabu, wengine wanajificha, na mjanja mmoja akilipiga teke kopo, waliokamatwa wote wanakuwa huru. Siku ya tatu watoto wa majirani walikuwa wanatugongea mlango. Rede nayo, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushiwa, inataka mpira wa soksi tu. (Mgongo wangu ulilalamika wiki nzima, sitaficha.)

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kiasi cha kuhema. Si lazima ziwe mfululizo, kwa hiyo kutembea haraka kwenda shule nako kunahesabika.

Jumapili asubuhi nendeni Coco Beach maji yakiwa yamekupwa, wakimbizane na kaa mchangani. Beba maji ya kunywa na kofia. Simu yako iache mkobani, maana ukikaa unachati, na wao watakuomba wacheze gemu.

Huyo wa miaka 10 anapenda nini hasa? Baiskeli anaijua?