Kabla ya Kugonga Meza, Hesabu Kura

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwaka huu, iwe ubalozini au kwenye sekretarieti ya jumuiya fulani, kuna swali mtakutana nalo kantini kabla hata hamjapewa kitambulisho: hivi balozi mkali, asiyemung'unya maneno, anayeona nchi yake tu, anaweza kusafisha shirika la kimataifa? Niliulizwa wiki yangu ya kwanza. Nikajibu "hawezi" kwa kujiamini kabisa. Leo nisingejibu hivyo.

Anayetajwa kila mara ni Mmarekani John Bolton. Mwaka 1994 alisema jengo la Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa lina ghorofa 38, na likipoteza kumi hakuna litakaloharibika. (Lina 39, lakini tusimwonee.) Agosti 1, 2005, Rais Bush akampeleka huko huko New York kuwa balozi, akitumia nafasi ya Seneti kuwa mapumzikoni, maana uthibitisho wake ulikuwa umekwama.

Alikuta rasimu ya azimio la mkutano mkuu wa viongozi wa Septemba, iliyosimamiwa na Jean Ping wa Gabon, aliyekuwa Rais wa Baraza Kuu. Watu walikuwa wameihangaikia kwa miezi. Bolton akaleta marekebisho yapatayo 750, ikiwamo kufuta kila mahali palipotajwa Malengo ya Milenia, yaani malengo ya dunia ya kupunguza umaskini. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Rasimu ya mataifa 191 ni kama mzigo uliofungwa kwenye baiskeli kwa kamba moja: kila mmoja kavuta kidogo, kaachia kidogo. Ukifungua fundo lako, na wenzako wanafungua yao. Nchi zilizokuwa hazitaki mageuzi hata kidogo, ambazo zilikuwa zimebanwa na aibu ya kuonekana wakorofi peke yao, zikapata kisingizio cha bure. Kama Marekani inafumua, sisi tunyamaze kwa nini? Mengi ya maana yakadondoka dakika za mwisho, na Bush mwenyewe akasimama jukwaani akasema anayaunga mkono hayo Malengo ya Milenia.

Na ubaya ni kwamba Bolton hakuwa anasema uongo. Kashfa ya rushwa katika mpango wa mafuta kwa chakula, ambao Umoja wa Mataifa uliiruhusu Iraq kuuza mafuta ili inunue chakula, ilikuwa ya kweli. Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Libya mwaka 2003 ilikuwa kichekesho. Tatizo ni hesabu. Desemba 2005, Marekani na wafadhili wenzake wakabana bajeti: kati ya dola bilioni 3.8 za miaka miwili, Katibu Mkuu akaruhusiwa kutumia milioni 950 tu mpaka mageuzi yaonekane. Ukikaa upande wa nchi maskini, hilo unalisoma kwa namna moja: tajiri kashika funguo za ghala. Katibu Mkuu huyo, Kofi Annan, alipoleta mapendekezo yake ya uendeshaji, mengine mazuri kabisa, Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, likayapeleka kwenye kura katika Kamati ya Tano, kamati ya bajeti ya Baraza Kuu, Aprili 2006. Yakakwama kwa kura 108 kwa 50. Kamati ile kwa desturi huamua kwa maridhiano, kwa hiyo kupiga kura tu kulikuwa habari. Mwezi mmoja kabla, Baraza jipya la Haki za Binadamu, la kuchukua nafasi ya ile Tume, lilikuwa limepita kwa kura 170. Waliopinga ni wanne: Marekani, Israel, Palau na Visiwa vya Marshall.

Kuna kisa kidogo nakipenda kuliko hivyo vyote. Januari 2006 uenyekiti wa Baraza la Usalama, ambao huzunguka kila mwezi, ulikuwa wa Tanzania, chini ya Balozi Augustine Mahiga, na mwezi huo likapita kwa kauli moja azimio 1653 kuhusu Maziwa Makuu. Februari zamu ikawa ya Marekani. Bolton akatangaza vikao kila siku, saa nne kamili asubuhi, hakuna kuchelewa. Siku ya kwanza akagonga nyundo kwa wakati. Chumbani hakukuwa na balozi mwingine.

Sasa mbona nasema nisingejibu tena "hawezi"? Kwa sababu ya mtu huyo huyo, miaka 15 nyuma. Mwaka 1991 Bolton alikuwa wizara ya mambo ya nje, Washington, akishughulikia mashirika ya kimataifa, na akasukuma kufutwa kwa azimio la Baraza Kuu la 1975 lililosema Uzayuni, yaani harakati za kuwa na taifa la Wayahudi, ni ubaguzi wa rangi. Safari ile hakuanza na jukwaa. Wizara yake ilizungumza na mji mkuu mmoja baada ya mwingine, ikahesabu kura, na jambo likaletwa ukumbini likiwa limeshaiva: 111 kwa 25. Msimamo ulikuwa mkali vilevile. Mwaka 2000 Richard Holbrooke, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa wakati huo, naye si mtu wa maneno laini, akaipunguzia Marekani mchango wa bajeti ya kawaida kutoka asilimia 25 hadi 22. Lakini Januari ya mwaka huo alikuwa ameifanya mwezi wa Afrika kwenye Baraza la Usalama, akaleta marais kuzungumzia Kongo. Mkono mtupu haulambwi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Kikao kimoja cha kikanda, nikiwa na miaka miwili kazini, niliomba nafasi nikaichana rasimu ya wenzetu aya kwa aya. Takwimu zangu zilikuwa sahihi zote. Nilipokaa, mama mmoja wa ujumbe wetu, mtu mzima aliyeanza kazi nikiwa darasa la pili, akaniinamia: "Umesema vizuri, mwanangu. Unao wangapi?" Sikuwa na hata mmoja. Rasimu ikapita kabla ya chai.

Tangu siku ile nilibeba daftari dogo. Upande mmoja majina ya wajumbe, upande wa pili ni nani anawatumia maelekezo kutoka nyumbani na anataka nini. Nilijiwekea marekebisho matatu, hayazidi, na niliyatoa mapema, kabla aliyeshika kalamu hajachoka na kununa. Ukali niliuweka wa mwisho, nikiwa na kura mfukoni, na mara nyingi sikuuhitaji.

Desemba 2006 Bolton aliondoka bila Seneti kumthibitisha. Ule ukomo wa bajeti ulikuwa umeondolewa tangu Juni.