Kabla Mchungaji Hajarudisha Ufunguo

Nyumba niliyokulia Moshi ilikuwa ya kanisa. Nililitambua hilo nikiwa darasa la tano, siku mama alipotaka kutobolewa dirisha jikoni kwa sababu moshi wa kuni ulikuwa unamuumiza macho. Baba akamwambia asubiri kikao cha mashemasi. Kikao kikakaa, kikasema fedha iliyopo ni ya mabati ya kanisa. Mama akaendelea kupika humo miaka mingi, mlango ukiwa wazi hata wakati wa baridi ya Julai.

Baba alikuwa mchungaji wa Kibaptisti katika kanisa hilo moja kwa miaka 31, tangu 1983 hadi 2014. Ninawaandikia wachungaji vijana na wake zao, na zaidi ninawaandikia washirika wanaompenda mchungaji wao. Tangu baba astaafu, familia tatu zimenipigia simu zikiwa zimekwama palepale tulipokwama sisi: mchungaji anastaafu, nyumba ni ya kanisa, na hakuna aliyepanga atazeekea wapi.

Makanisa yetu hayaendeshwi kama ya majirani zetu Walutheri. Kwao mchungaji yuko chini ya dayosisi. Sisi hatuna askofu. Washirika wenyewe hukutana, hupiga kura na kumwita mchungaji, na wao ndio wanaomlipa. Kuna uzuri wake: mchungaji anaweza kukaa na watu wake mpaka akawajua hadi vilembwe. Nakumbuka asubuhi moja baba akiwa ndani ya Mto Karanga, maji ya mlimani yakimfika kiunoni, anamzamisha kijana ambaye wazazi wake nao aliwabatiza palepale. Alitoka anatetemeka, anacheka. Lakini utaratibu huohuo una maana kwamba hakuna ofisi ya juu inayoukumbuka uzee wake. Mkutano wa washirika usipolizungumza jambo hilo, halizungumzwi popote.

Baba ni mtu wa Tukuyu. Alikuja kaskazini kusoma katika seminari ya Kibaptisti ya Arusha, ile iliyofunguliwa mwaka 1962 na baadaye ikazaa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Alipoitwa Moshi, washirika wake wengi walikuwa Wachaga. Mchaga anaweza kupanga chumba kimoja mtaa wa Pasua, hapa mjini, maisha yake yote bila wasiwasi, kwa sababu anajua kihamba, yaani shamba la ukoo, kipo mlimani Kibosho au Uru, migomba ya babu yake imesimama, na Desemba atapanda kwenda kwao. Ndiyo maana hakuna aliyejiuliza mchungaji atazeekea wapi. Sikuona ubaya wa moyo ndani yake, walidhani kila mtu ana kwao. Tukuyu nako, shamba la babu lilikwisha gawanywa kwa baba zangu wadogo waliobaki nyumbani.

Na baba alinyamaza. Kwake, mchungaji kusimama mbele ya washirika na kutaja kiwanja ilikuwa kama kusema Mungu hatoshi. Ninamheshimu sana baba, lakini hapo tunatofautiana, na nimemwambia ana kwa ana. Hakuogopa kuwaambia wajane wasiuze mashamba yao. Aliwafundisha vijana kuandika wosia. Ushauri mzuri alikuwa nao, akaugawa kwa kila nyumba isipokuwa yake.

Aliyetuokoa ni mama. Alikuwa na cherehani, na kila Desemba na Januari alishona sare za shule mpaka usiku wa manane. Mwaka 1998 fedha hiyo ilinunua kiwanja Bomang'ombe, hatua ishirini kwa ishirini, wakati ule bei zikiwa bado za chini. Walikwenda wote wawili, karatasi ya mauziano ikaandikwa majina yote mawili mbele ya mashahidi na uongozi wa mahali pale. Mama wachungaji mnaosoma hapa, nawasihi kwa moyo wote: jina lako liandikwe. Mume wako akitangulia, kanisa litamwita mchungaji mwingine, naye atahitaji ile nyumba.

Wapo waliomshauri baba aongeze vyumba kwa fedha zake kwenye eneo la kanisa, eti apate nafasi ya wageni. Alikataa, nashukuru. Namfahamu mchungaji mmoja aliyejenga vyumba viwili kwenye kiwanja cha kanisa lake. Ulipotokea mgogoro aliondoka na milango na mabati, kuta zikabaki. Kama fedha ni yako, jenga kwako, hata kama ni msingi tu na utauangalia miaka sita bila kuongeza tofali.

Suala la pensheni ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2003 mshirika mmoja mhasibu alisimama kwenye mkutano wa mwaka akauliza kama mchungaji amesajiliwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kimya. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kanisa linalolipa mshahara ni mwajiri kama mwajiri mwingine, na kwamba mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kwa posho ile ya baba ilikuwa fedha ndogo mno, ndiyo maana iliwezekana. Wakamwandikisha. Lakini pensheni ya kila mwezi inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15, na baba alikuwa na 11. Alilipwa mkupuo mmoja, ukaisha kwenye kupaua na choo. Kanisa lingeanza miaka minne tu mapema, leo angekuwa anapokea kitu kila mwezi. Ukiwa mweka hazina, usisubiri mchungaji aombe. Hataomba.

Siku ya kuagwa, kwaya iliimba, baba akapewa suti na cheti kwenye fremu. Mama alipewa kitenge. Mama huyu alikuwa amepika chai ya kila kikao, amelaza wagonjwa waliotoka vijijini kuja hospitali ya KCMC, amekaa na waliofiwa usiku kucha, kwa miaka 31 bila senti. Na alikuwa anastaafu siku hiyohiyo. Mnapopanga kuaga, pangeni na bahasha yake, yenye jina lake, na mmoja wenu asimame aseme kwa kina alichofanya.



Tulipewa miezi mitatu kuhama. Naona ni michache kwa watu wazima wenye maboksi ya vitabu na nyumba isiyo na plasta. Ombeni mwaka mzima, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano tangu siku mchungaji anapoitwa, wakati kila mtu bado anatabasamu. Tulihamia Bomang'ombe tukiwa na turubai sebuleni. Wiki ya kwanza mama alimwita fundi, akamwonyesha ukuta wa jikoni, dirisha likatobolewa kabla baba hajarudi sokoni.

Kuna jambo baba alilifanya vizuri sana. Kwa mwaka mzima hakukanyaga kanisa lile, alisali kwingine, ili mchungaji mpya apate nafasi. Ilimgharimu; Jumapili za mwanzo alikuwa anavaa suti mapema kisha anakaa tu kitandani. Watu waliendelea kumpigia simu: Baba Mchungaji, tumefiwa, njoo utuzikie. Aliwapa pole, akaomba nao kwenye simu, halafu akawauliza kama wameshampigia mchungaji wao. Kama bado, alikata ili wampigie kwanza.