Kabla hujalipia shamba Njombe, njoo kwanza Juni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Mbagala. Ana akiba yake, amechoka na foleni, anataka eka tatu huku Njombe alime viazi mviringo. Alikuja Desemba, akaonyeshwa bonde, akalipenda papo hapo. "Kaka, ni kijani kitupu," ameandika, "na maji yapo mwaka mzima. Nilipie?"

Niliusoma jikoni, mzula kichwani, miguu imekaribia mafiga. Nikacheka, halafu kicheko kikaniishia, maana bonde analolisifu nalijua. Kama si lenyewe ni ndugu yake. Langu lilimeza mtaji wa miaka minne kwa usiku mmoja.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Nilihamia kijijini kwa mke wangu mwishoni mwa 2020, baada ya kazi ya dukani kuisha. Nilikuja na hesabu zangu zimepangwa kwenye simu: eka moja magunia kadhaa, zidisha kwa bei ya Dar, toa mbolea, toa usafiri, kinachobaki nyumba. Kilimo cha kalkuleta. Najua unayesoma hapa nawe unayo hesabu kama hiyo, usijifiche.

Nikanunua eka moja na nusu bondeni. Ardhi ya bonde huku huitwa kinyungu: nyeusi, inashika unyevu hata mvua za Novemba hadi Mei zikikatika, na ndiyo maana watu hulima vinyungu kiangazi wakati milimani kumekauka. Mimi nikaona wenzangu hawana haraka ya kupanda. Nikasema hawa wamezoea umaskini. Katikati ya Aprili nikazika magunia 12 ya mbegu.

Mzee jirani yangu alinikuta Mei napalilia. Akasimama juu ya mteremko, hakushuka, akaniita. "Mwanangu, hapo chini baridi inalala. Ungepanda huku juu. Huko ungesubiri Agosti."

"Sawa, baba," nikamjibu. Ile sawa ya Kariakoo, ambayo maana yake nimekusikia ila nina hesabu zangu. Methali ya asiyesikia la mkuu niliwahi kuiandikia insha darasa la saba, nikapata alama nzuri.

Mei huku ni mwezi wa kudanganya. Mchana jua linawaka vizuri, mahindi yanakaukia shambani, wagema wanamalizia ulanzi wa mwisho, watoto wanaenda shule bila sweta. Jioni tu ndipo unahisi kitu kwenye masikio. Vitabu vya shule vinakiita kipupwe. Hapa wanasema tu "baridi imeingia," kama vile mgeni amefika na mizigo yake.

Katikati ya Juni viazi vyangu vilikuwa vimefika magotini, vimeanza kutoa maua meupe. Nilivipiga picha nikazirusha kwenye grupu la ukoo. Siku tatu baadaye, usiku, nikatoka nje kujisaidia nikaona anga limejaa nyota, hakuna wingu hata moja, hakuna upepo. Nikasema kuzuri kweli leo. Nikarudi kulala.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipofika ukingoni, bonde lilikuwa jeupe kama limemwagiwa chumvi. Sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu. Nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya gambuti, krach, krach. Majani ya viazi yalikuwa yamesimama wima, mazuri hata, kila jani limeshonewa ukingo mweupe. Nikadhani vimepona. Jua lilipofika bondeni, kwenye saa mbili, yakaanza kulegea mbele ya macho yangu. Yakawa ya kijani kibivu, kisha meusi, yakalala chini kama mboga iliyosahaulika jikoni. Harufu pia ilikuwa ile ile, ya mchicha uliochemka.

Juu mteremkoni, hatua kama 150 kutoka pale, viazi vya mzee havikuguswa.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku ukiwa mtulivu inateremka kutoka vilimani taratibu kama maji, inajaa bondeni na kukaa humo. Mawingu na ukungu ni blanketi, yanazuia joto la ardhi lisitoroke. Kwa hiyo usiku wa kuogopa si ule wa ukungu na manyunyu tunaoulalamikia sisi watu wa pwani. Ni ule wenye nyota nyingi. Kila mtoto wa kijiji hiki anajua, mimi mwenye simu kubwa sikujua.

Na grupu la ukoo halikuniacha. Binamu yangu aliandika, "Rudi mjini kaka, baridi si saizi yako," akaweka na vikatuni vya kucheka. Ujumbe ule bado ninao. Mwaka jana nilitoa magunia 62 kwenye eka moja ya mteremkoni, nikawagomea wanunuzi wa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, mpaka wakakubali gunia la haki, nikapiga picha, nikazirusha palepale. Binamu hakujibu. Sawa tu.

Sasa nije kwenye ushauri, maana ndicho ulichokijia. Msikilize mwenyeji. Akikwambia Agosti, ni Agosti.

Kuni. Mwaka wangu wa kwanza nilikata miti ya miwati mwishoni mwa Mei, baridi ikiwa tayari mlangoni. Kuni mbichi zinalia motoni, zinatoa povu kwenye ncha, moshi unakutoa machozi na sufuria halichemki. Mwenyeji huku anakata na kupasua mapema, anazipanga chini ya bati wiki na wiki. Ukipita Aprili ukaona ukuta wa nyumba umefunikwa kuni hadi dirishani, hapo pana mtu mwenye akili. Wangu mwaka huu umefika dirishani, na nimeupigia picha pia.

Lingine naliandika kwa aibu. Kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, nilinunua mkaa, nikaingiza jiko chumbani tulale na joto, nikaziba na upenyo wa dirisha kwa khanga. Usiku wa manane binti yetu akaanza kutapika. Mke wangu akainuka kumshika, akaanguka. Nilifungua mlango kwa kutambaa, kichwa kinagonga kama nyundo. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na anayelala haamki. Ndugu zangu, jiko la mkaa lisilale na watu chumbani. Hata likionekana limekufa. Hata kwa nusu saa. Ongeza blanketi, vaa soksi mbili, lala na watoto kitanda kimoja. Mama mkwe alikuwa ametuonya hilo, kwa hiyo narudia, msikilize mwenyeji.

Vijana wenzangu tunapenda kusema kijijini kuna fursa. Zipo. Lakini fursa ya Desemba, kila kitu kikiwa kijani, anaiona hata kipofu. Tunakuja kama wawekezaji, tunawaita wazee wetu washamba, halafu tunaomba nauli ya kurudi. Acheni hiyo tabia. Mimi nimeacha, na imenigharimu.

Kwa hiyo dada yangu wa Mbagala, usilipie. Panda basi Juni, ushuke Makambako, ubadilishe gari, ni kama kilomita 60 tu mpaka Njombe mjini. Makoti ya mtumba nunua hukohuko Dar kabla hujapanda, huku msimu huo bei inapaa. Utalala kwetu, mke wangu ameshakubali. Tutavizia usiku wa nyota, nitakugongea saa kumi na moja na nusu alfajiri, twende tukasimame kwenye bonde lako na tochi. Nyasi zikiwa nyeupe, tutapanda mteremko taratibu mpaka zikome kuwa nyeupe. Pale zinapokoma, chomeka kijiti, kisha mwulize mwenye shamba kama anauza kuanzia hapo kwenda juu.